Mother India, Sholay, DDLJ, Lagaan, 3 Idiots au The Lunchbox: uanze na filamu gani ya Kihindi?

Anayetaka kuingia kwenye sinema ya Kihindi, au kurudi baada ya kuiacha tangu enzi za kanda za video, hukwama mahali pamoja. Akiuliza aanze na ipi, anatajiwa majina kwa mkupuo, yote "kali sana", na hakuna anayemwambia ni kali kwa nani. Basi aliyetaka kucheka na wanawe Jumamosi jioni anajikuta kwenye kisa cha njaa na deni, na aliyetaka kulia mpaka aridhike anawekewa vituko vya wanachuo. Anazima kabla ya nusu saa na kusema filamu za Kihindi hazimfai, kumbe hakupewa ya kwake.

Nimechukua sita, kuanzia ya mwaka 1957 hadi ya 2013. Zote nazipenda na zote nazipendekeza, ila si kwa jioni moja wala kwa mtu mmoja. Sikuzipanga kwa ubora. Nimezipanga kwa umri wake, na miisho yake nimeiacha uikute mwenyewe.

Nimezipima kwa nini

Kwanza muda. Filamu ya Kihindi ya zamani hukaribia saa tatu, na nyingine zinavuka. Lakini zimeundwa zikiwa na mapumziko katikati, na mara nyingi yanaandikwa kabisa kwenye skrini. Ukiikatia hapo na kuimalizia kesho yake, hujaiharibu.

Pili nyimbo, na hapa nina msimamo: usiziruke. Katika filamu hizi wimbo unafanya kazi. Ndani ya dakika tano miezi inapita, watu wanapendana, ugomvi unaiva. Anayeuruka anarudi kwenye kisa akikuta mambo yameshatokea, kisha analalamika kwamba mapenzi ya Wahindi hayana mwanzo. Kama nyimbo huziwezi kabisa, hapa chini ipo filamu moja ambayo wahusika wake wakuu hawaimbi. Chukua hiyo, uziache nyingine zikiwa nzima.

Tatu, uzito wake: itakuacha na hali gani ikiisha. Nne, mila au historia inayofaa kujulikana kabla. Mwisho, nani akae nawe sebuleni.

Kuna pia suala la lugha. Wengi wetu tumezizoea zile zilizotafsiriwa, ambapo mtafsiri mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wote. Kwa filamu fulani utaratibu huo unanoga kuliko hata ya asili. Kwa nyingine ni hasara tupu, na nitasema ni zipi.

Mother India (1957)

*Kisa.* Radha anaolewa kijijini, na ndoa yake inaanza na deni. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili alipie harusi. Shauri linafika kwa wazee, nao wanaamua mkopeshaji achukue robo tatu ya mavuno kuwa riba tu, deni lenyewe likibaki palepale. Kila kinachofuata kinatoka kwenye uamuzi huo. Mume anajaribu kufyeka shamba la mawe ili wapate ardhi zaidi, jiwe linamponda mikono yote miwili, na baadaye anaondoka nyumbani kwa aibu ya kulishwa na mkewe. Radha anabaki na watoto. Picha inayojulikana hata na ambaye hajaitazama ni ile ya Nargis, aliyeigiza Radha, akivuta jembe la kukokotwa na ng'ombe kwa mabega yake mwenyewe.

Mwongozaji wake, Mehboob Khan, alikuwa ameshakitengeneza kisa hiki mwaka 1940 kwa jina la Aurat, akaona hakijamtoka moyoni. Safari ya pili ikawa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Wakati wa kupiga picha moto ulishika vibaya, na Sunil Dutt, aliyeigiza Birju, mtoto mtukutu wa Radha, ndiye aliyeingia kumwokoa Nargis. Mwaka 1958 wakaoana. Ukilijua hilo, unawatazama mama na mwana wale kwa jicho lingine.

*Muda.* Karibu saa tatu, na mwendo wake ni wa zamani. Nusu ya kwanza inataka subira.

*Nyimbo.* Ni za mtunzi Naushad. "Duniya Mein Hum Aaye Hain" ameuimba Lata Mangeshkar pamoja na wadogo zake, Meena na Usha, na unaimbwa huku watu wakifanya kazi ya shamba. Msikilizaji wa taarab hataona ugeni. Waimbaji wa pwani walichukua tuni nyingi kutoka filamu za Kihindi za miaka hiyo, na Mother India yenyewe ilijaza majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam.

*Uzito.* Hii ndiyo nzito kuliko zote sita. Ina njaa, mafuriko na kifo cha mtoto.

*Cha kujua kabla.* Deni la mkopeshaji halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuona kausha damu ikimaliza nyumba ya jirani. Shika jambo moja tu: katika kijiji kile heshima ya binti mmoja ni heshima ya kijiji kizima. Mwisho wa filamu umesimama juu ya hilo.

*Inamfaa nani.* Itazame na mama au bibi yako, kama yupo. Huenda aliiona sinema akiwa msichana, na atakuimbia kabla ya filamu kuimba. Anayeanza kabisa, ambaye hajazoea uigizaji wa zamani wenye machozi ya wazi na sauti za juu, aiweke ya tatu au ya nne.

Sholay (1975)

*Kisa.* Thakur Baldev Singh, aliyekuwa ofisa wa polisi, anawakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Kwa nini akiwa hai, na kwa nini asimkamate mwenyewe, utajua katikati ya filamu, na ukijua itabidi uzirudie kichwani picha zote ulizokwisha kuona za Thakur amesimama na shali begani.

Amitabh Bachchan ndiye Jai na Dharmendra ndiye Veeru. Hata hivyo anayekumbukwa ni adui. Amjad Khan hakuwa na jina kubwa alipopewa nafasi ya Gabbar, na maneno ya filamu hii yaliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar yalipendwa hadi yakauzwa kwenye santuri, mazungumzo matupu, watu wakayajua kwa moyo. Gabbar anaingia miguu kwanza: buti zinatembea juu ya mwamba, mkanda wa risasi unaburuzwa kwenye jiwe, sauti inatangulia sura. Majabali hayo yako Ramanagara, Karnataka, si mbali na Bangalore.

Kati ya risasi zote hizo, pale ninapopangojea mimi ni pa kimya. Usiku, Jai amekaa nje akipuliza kinanda cha mdomo. Upande wa pili, kwenye veranda ya nyumba ya Thakur, mkwe wa nyumba hiyo, mjane aliyevaa nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Mapenzi yao yote karibu ni hayo, na yanakaa moyoni kuliko ya Veeru na Basanti, yule dereva wa mkokoteni wa farasi asiyenyamaza.

*Muda.* Saa tatu na dakika ishirini na kitu. Ni ndefu, ila haikuachi ukae hivi hivi. Ikichoka kukutisha inakuchekesha, kisha watu wanaimba, kisha treni inashambuliwa.

*Nyimbo.* Za R.D. Burman. "Yeh Dosti" ni ule wa pikipiki yenye kiti cha pembeni, na ndani yake unapata urafiki mzima wa hawa wawili. "Mehbooba Mehbooba" ameuimba Burman mwenyewe.

*Uzito.* Inachanganya kila kitu. Mauaji mabaya kuliko yote hayaonyeshwi sana, kamera inageuka na unabaki na mlio wa bembea. Hata hivyo mtoto mdogo atauelewa mlio huo, kwa hiyo wasiofika umri wa kuelezwa wakalale.

*Cha kujua kabla.* Mjane wa Kihindu wa kijijini zamani hakutarajiwa kuolewa tena, na nguo yake nyeupe ndiyo inayokwambia hivyo. Pia kuna miisho miwili. Filamu ilitoka wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa chini ya waziri mkuu Indira Gandhi, wakaguzi wakakataa mwisho wa awali, na sehemu hiyo ikapigwa upya: polisi wanafika dakika za mwisho. Nakala yenye mwisho wa awali ipo, na mwaka 2025 ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa imekarabatiwa. Ukiweza kuchagua, chagua hiyo. Kisa kizima kilikuwa kinaelekea huko.

*Inamfaa nani.* Kundi la marafiki, kaka na binamu waliorundikana kwenye makochi. Hii ndiyo filamu inayokubali mtafsiri wa Kiswahili bila kupoteza kitu kikubwa, mradi anyamaze kwenye kinanda cha mdomo. Anayetaka kisa kinachonyooka, kisichoruka kutoka kichekesho hadi msiba, atapata tabu nayo.

Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995)

*Kisa.* Wengi huiita DDLJ. Simran anakulia London kwenye nyumba ya baba mwenye duka, Mpunjabi ambaye mwili uko Uingereza na roho iko kwenye mashamba ya haradali. Kabla ya kupelekwa India kuolewa na mwana wa rafiki wa baba, anaomba mwezi mmoja wa kutembea Ulaya na marafiki. Huko anakutana na Raj. Hadi hapo ni hadithi iliyosimuliwa mara nyingi. Kinachoibadilisha ni kwamba Raj anapomfuata Punjab, na mama wa binti mwenyewe anawasihi watoroke, Raj anakataa. Anamtaka Simran kwa mkono wa baba yake.

Mama huyo, Lajjo, aliyeigizwa na Farida Jalal, ana maongezi na bintiye ambayo kwangu ndiyo kiini cha filamu. Anamweleza alivyoachishwa masomo ili kaka zake wasome, alivyoolewa, alivyojitoa kama binti, kama dada, kama mke. Alipozaliwa Simran alijiapiza kwamba huyu hatapitia hayo. Na sasa amekaa mbele yake akimwomba ayapitie. Sauti haipandi hata mara moja.

*Muda.* Saa tatu na dakika chache. Nusu ya kwanza ni Ulaya na mzaha, ya pili ni nyumba ya harusi.

*Nyimbo.* Jatin na Lalit walitunga, Anand Bakshi akaandika maneno. Ukiwahi kuhudhuria harusi ya Wahindi Mombasa au Kampala basi "Mehndi Laga Ke Rakhna" umeshausikia.

*Uzito.* Mwepesi, na machozi kidogo. Ila kuna utani mmoja wa Raj huko Uswisi, asubuhi baada ya Simran kulewa, anaposingizia kwamba wamelala pamoja. Anamtuliza baadaye kwa maneno mazito, lakini utani wenyewe umechakaa na kijana wa leo ana haki ya kuuona mbaya.

*Cha kujua kabla.* Karva Chauth: mke hufunga mchana kutwa kwa ajili ya uhai wa mumewe na kufungua mwezi ukionekana. Bila hilo hutaelewa Simran anafanya nini darini. Kuhusu posa, neno la baba na aibu ya kuvunja ahadi ya ukoo, huhitaji kuelezwa.

*Inamfaa nani.* Wapenzi, bila shaka, lakini hasa mzazi na binti au mwana wanaoishi ugenini, London, Toronto au Muscat, ambako nyumbani panakumbukwa kila siku na hapafanani tena na palipoachwa. Ukumbi wa Maratha Mandir huko Mumbai umekuwa ukiionyesha tangu 1995, ukiacha kipindi cha korona. Anayetafuta mwanamke anayejiamulia mambo yake mwenyewe atakasirika. Simran analia, anasubiri, na wanaoamua ni wanaume wawili.

Lagaan (2001)

*Kisa.* Mwaka ni 1893, kijiji kinaitwa Champaner, mvua imegoma. Wanakijiji wanakwenda kuomba kodi ipunguzwe, na Kapteni Russell, ofisa wa Kiingereza, anawawekea dau: waishinde timu ya maofisa kwenye kriketi na hawatalipa kodi kwa miaka mitatu. Wakishindwa, watalipa mara tatu. Bhuvan, kijana anayeigizwa na Aamir Khan, anakubali kabla ya kumuuliza mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika gongo la kriketi.

Uzuri wa Lagaan uko kwenye kuijenga timu. Mfuga kuku, mfinyanzi Mwislamu, mtabiri wa kijiji, Kalasinga aliyewahi kuwa askari wa Waingereza, kila mmoja anakuja na kinyongo chake. Halafu yupo Kachra. Huyu ni mtu wa tabaka la wasioguswa, anayeishi pembezoni akifagia, mkono mmoja umelemaa. Mpira unamfikia, anaurusha, na unajipinda hewani namna ambayo hakuna anayeweza kuifanya. Bhuvan anamtaka kwenye timu, na wenzake wote wanaweka vifaa chini. Wako tayari kulipa kodi mara tatu kuliko kucheza naye. Kwa dakika hizo mkoloni hayupo kabisa kwenye picha, na filamu inakuwa ya kweli kuliko mahali pengine popote.

*Muda.* Saa tatu na dakika arobaini na nne. Ndiyo ndefu kuliko zote, na mechi peke yake inazidi saa moja. Itazame siku mbili: siku ya kwanza hadi mapumziko, ya pili mazoezi na mechi.

*Nyimbo.* A.R. Rahman, na maneno ya Javed Akhtar. "Ghanan Ghanan" unaanza mawingu yanapotanda, kijiji kizima kikicheza kwa mvua ambayo haijadondoka. Ukiuruka huo, hutajua kwa nini watu hawa wanakubali wazimu wa Bhuvan.

*Uzito.* Wa kutia moyo, bila damu nyingi.

*Cha kujua kabla.* Hujui kriketi? Wahusika nao hawajui. Elizabeth, dada wa kapteni, anawafundisha na wewe unajifunza humo humo. Kodi ya mkoloni msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kutoka kwa babu yake.

*Inamfaa nani.* Familia nzima, wakubwa kwa wadogo, na hasa mpenzi wa michezo ambaye hudai hatazami filamu za Kihindi. Iliteuliwa Oscar, kama Mother India. Asiyeweza kukaa kitako muda mrefu asijilazimishe.

3 Idiots (2009)

*Kisa.* Wanafunzi watatu wa uhandisi wanaishi chumba kimoja. Farhan anataka kupiga picha za wanyama lakini baba aliamua uhandisi siku aliyozaliwa. Raju anasoma akiwa amebeba nyumba nzima mgongoni: baba mgonjwa, dada anayesubiri mahari, ambayo kule hutolewa na upande wa bibi harusi. Rancho anasoma kwa sababu anapenda mashine. Miaka baada ya chuo, wawili wanamtafuta wa tatu aliyetoweka. Boman Irani ni mkuu wa chuo, mtu wa saa na mashindano, na yeye ndiye anayeipa filamu hasira.

*Muda.* Chini kidogo ya saa tatu, na inakimbia. Rajkumar Hirani, mwongozaji, haachi mzaha ukae hadi ukapoa.

*Nyimbo.* Chache na fupi. "Aal Izz Well" mtoto wako ataurudia wiki nzima.

*Uzito.* Usidanganywe na kicheko. Kuna mwanafunzi anajiua, na mwingine anajaribu. Mwenye kijana wa kidato au chuo aliyeelemewa asimwachie aitazame peke yake. Akae naye, na azungumze naye ikiisha. Pia kuna hotuba ndefu ya kuchekesha ambayo utani wake wote ni juu ya ubakaji. Ukumbi hucheka, mimi sicheki tena, na mzazi ajiandae kuulizwa.

*Cha kujua kabla.* Karibu hakuna. Mzazi anayetaka daktari au mhandisi yuko Nairobi, Arusha na Bujumbura vilevile.

*Inamfaa nani.* Anayeanza kabisa, na nyumba yoyote inayongoja matokeo ya mtihani. Kwa aliyezoea sinema inaweza kumsukuma mno. Kila funzo linasemwa mara mbili, na Pia, msichana wa kisa, hana kazi kubwa zaidi ya kupendwa.

The Lunchbox (2013)

*Kisa.* Mumbai ina wabeba vyakula, dabbawala, wanaochukua makopo ya chakula majumbani na kuyafikisha maofisini kwa baiskeli na treni, na kukosea kwao ni nadra sana. Hapa wanakosea. Chakula cha Ila, mke kijana anayejaribu kumrudisha mume aliyepoa, kinafika kwa Saajan Fernandes, mjane mwanamume aliyebakiza muda mfupi astaafu. Kopo linarudi tupu. Kesho yake Ila anaweka barua chini ya chapati.

Irrfan Khan, ambaye ndiye Saajan, anaigiza kwa namna anavyofungua kopo. Siku ya kwanza anafunua vyombo kama mtu anayesaini fomu, kisha pua inasita, anainusa mboga na kutazama pembeni kama ameibiwa siri. Ghorofa ya juu ya Ila yuko jirani anayemwita shangazi, ambaye hatumwoni hata mara moja. Tunasikia sauti yake tu, na kapu linashuka dirishani kwa kamba likiwa na viungo.

*Muda.* Saa moja na dakika arobaini na nne.

*Nyimbo.* Wahusika wakuu hawaimbi wala hawachezi. Ni hii niliyoitaja mwanzo.

*Uzito.* Upweke wa watu wazima. Haikulizi kwa nguvu, na mwisho wake umeachwa wazi.

*Cha kujua kabla.* Hakuna cha kujifunza, ila usiitazame kwa njaa. Na usiitazame na mtafsiri juu yake: nusu ya filamu ni barua zinazosomwa kwa sauti ya taratibu, na ukimya ulio baina ya barua hauwezi kusimuliwa.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja, au wawili waliooana muda mrefu. Watoto watachoka, na kundi la marafiki litaanza kushika simu kabla ya barua ya pili.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kutazama filamu ya Kihindi na una jioni moja tu, chagua kati ya 3 Idiots na The Lunchbox. Swali ni moja: unataka kelele au utulivu? Kama umezoea tamthilia za Kihindi zilizotafsiriwa kwenye runinga, zenye mama wakwe na harusi, DDLJ ndiyo hatua fupi zaidi. Utatambua nyumba, nguo na sherehe, ila utakuta mambo yanakwisha kwa saa tatu badala ya miezi.

Nyumba yenye watoto wa shule ya msingi ianze na Lagaan kwa siku mbili. Sijaona nyingine hapa inayowabeba wote bila mtu kufunikwa macho. Wakiipenda, wapeleke kwenye Dangal (2016), ya mabinti wa Haryana waliofundishwa mieleka na baba yao. Hiyo imetokana na maisha ya kweli, na Geeta Phogat alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi mwaka 2010. Mzazi ambaye mtoto wake anahangaika kusoma, huku walimu wakimwita mvivu, aache zote sita kwanza atazame Taare Zameen Par (2007).

Kama wageni wamejaa na kuna mtu anayependa "mapigano", Sholay haina mpinzani kati ya hizi, na urefu wake utakuwa faida. Ukiwa peke yako na usingizi unakunyemelea, hiyo hiyo itakushinda kabla Gabbar hajatokea.

Kwa mtu aliye ugenini mwenye hamu ya kwao, nimetaja DDLJ. Lakini kama ugeni wake ni wa kukaa chumba kimoja, kutoka kazini jioni na kula peke yake, basi The Lunchbox inamjua zaidi.

Na ukimtembelea bibi Tanga au Lamu, beba Mother India kwenye simu au flashi. Muulize kwanza kama aliiona, akwambie ilionyeshwa wapi na alikwenda na nani, ndipo uiwashe.